Kasida za Pazhou: Utunzi wa Nyimbo kama Ibada ya Kila Siku

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kutusoma tukizungumzia hati za nyumba, barua za masultani na nasaba za familia zilizotawanyika baina ya Zanzibar, Maskati, Dubai na London. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo kwa miaka mingi tulilidharau: nyimbo fupi za kumtaja Mwenyezi Mungu ambazo watu wetu hujitungia wenyewe wakiwa katika kazi zao, wala hawazipeleki redioni wala kwa mchapishaji. Tunaziita kasida kwa sababu wenyewe huziita hivyo, ingawa mwanachuoni wa fasihi ya Kiarabu angekunja uso kulisikia jina hilo likitumika kwa beti nne au tano za Kiswahili zilizoandikwa nyuma ya risiti.

Mahali tulipozisikiliza kwa makini ni Pazhou, katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China. Hapo ndipo panapofanyika yale Maonyesho ya Canton, mara mbili kila mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Maonyesho yalianza mwaka 1957, na tangu 2008 yamehamia Pazhou kikamilifu, katika majumba yenye eneo la zaidi ya mita za mraba milioni moja. Tulikwenda kumsindikiza binti wa marehemu kaka yetu, ambaye anauza mapazia na vyombo vya nyumbani. Yeye alizunguka vibandani kutwa nzima na kalkuleta yake mkononi, maana pale muuzaji huandika bei, mnunuzi akafuta akaandika yake, na watu wawili wasioelewana neno hata moja wakafikia mapatano kwa tarakimu. Sisi tuliwekwa kwenye kiti karibu na mlango tukalinde mikoba ya sampuli, kazi inayowafaa watu wa umri wetu.

Jioni moja, tulipokuwa tukirudi kwa treni ya chini ya ardhi, alitoa daftari lake la oda, akaandika pembeni mwa orodha ya bei. Tulidhani anajumlisha. Baada ya Isha, akiwa anapanga sampuli kitandani, tulimsikia akiimba kwa sauti ya chini. Maneno yalikuwa mapya, lakini mahadhi tuliyajua mara moja. Yalikuwa ya mama yetu mzazi, bibi yake yeye, ambaye alifariki mwaka 1991.

Tutarudi kwa mama. Kwanza tuseme ni mahali gani hapa, kwa sababu msomaji anaweza kufikiri kwamba Pazhou na kasida ya Kiswahili havina ujamaa wowote.

Guangzhou ndio ule mji ambao mabaharia wa Kiarabu waliuita Khanfu. Habari za China na India zilizoandikwa mwaka 851, ambazo baadhi yake hunasibishwa na Suleiman Mfanyabiashara, zinaeleza kuwa mjini humo alikuwako kadhi Mwislamu, aliyewekwa kwa idhini ya mtawala wa China, akiwahukumu Waislamu wenzake na kuwasalisha Sikukuu. Historia rasmi ya utawala wa Song inataja wajumbe wa nchi iitwayo Cengtan waliofika mwaka 1071 na tena 1083, nayo inasema lugha yao ilifanana kwa sauti na ya Waarabu. Wanahistoria wengi wanaona jina hilo limetokana na Zanj, ingawa wako wanaobisha. Pazhou yenyewe ina mnara wa ghorofa tisa uliojengwa baina ya 1597 na 1600, ambao mabaharia wa nchi mbalimbali waliutumia kama alama ya kuijua bandari ya Huangpu, pale zilipotia nanga merikebu za kigeni. Na mto unaopita hapo, Zhujiang, maana ya jina lake ni Mto wa Lulu. Kwa wazee wetu waliopiga mbizi za lulu katika Ghuba, au waliosikia habari zake majumbani, jina hilo halihitaji tafsiri ndefu.

Mwaka 1980, mwezi wa Novemba, jahazi la *Sohar* liliondoka Oman kwenda Guangzhou, likiongozwa na Tim Severin, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari. Lilifika Julai 1981. Tulipokuwa tukifundisha tulizoea kuwapa wanafunzi safari hiyo kama somo la ujenzi wa vyombo na la pepo za msimu. Leo tunaona tuliacha kitu. Mabaharia wa Kiomani hawakupandisha tanga kwa mikono tu. Walilipandisha kwa kuimba. Katika vyombo vya Ghuba alikuwako hata mtu maalumu wa kazi hiyo, *nahham*, ambaye alianzisha na wenzake wakaitikia, na katika nyimbo zake jina la Mungu na la Mtume lilichanganyika na hesabu ya kuvuta kamba. Huwezi kutenga wimbo na kamba ukabakiwa na kitu kizima.

Ndipo tunapokuja kwenye hoja yetu. Kwa muda mrefu, sisi watu wa vitabu tumeugawa utunzi wa dini wa Waswahili katika mafungu mawili. Fungu la juu ni la wanavyuoni: tenzi ndefu, tafsiri za maulidi, mashairi ya Kiarabu. Fungu la chini ni la watu wa kawaida, nalo tukaliacha bila jina. Tunasema sasa kwamba mgawanyo huu ulikuwa kosa la kihistoria, na pia kosa la uhakiki.

Tuwatazame hao wa fungu la juu wenyewe. Mwana Kupona, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 umesomwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili, alikuwa mjane mgonjwa aliyemuusia binti yake Mwana Hashima. Ndani ya utenzi ule mna adabu za nyumba, mna mapishi ya ndoa, na mwishowe mna dua ya mgonjwa anayeomba shifaa. Hakuutunga kwa ajili ya darasa la fasihi. Aliutunga kwa sababu alikuwa na mtoto na alikuwa na maradhi. Dada Masiti wa Barawa, aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwa Chimini, lugha ya mji wake, naye alitunga juu ya mauti kama mtu anayekaa naye nyumba moja. Katika Unguja tulikuwa na Sheikh Nasir bin Salim al-Ruwahi, Abu Muslim, kadhi, mwandishi wa gazeti la *al-Najah*, mshairi mkubwa kuliko wote waliotoka Oman katika zama zake. Kiarabu chake ni bahari. Lakini nusu ya ukubwa wake imo katika zile tungo zake za majina ya Mwenyezi Mungu, ambazo zilikusudiwa kuwa nyiradi. Watu walizisoma baada ya sala, alfajiri, kitandani, safarini. Alitaka wazitumie kabla ya kutaka wazisifu.

Na katika wakati wetu huu yuko Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, Mau, aliyezaliwa Lamu mwaka 1952, imamu na mshairi, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ya mkono ilikuwa kuoka mikate. *Wasiya wa Mabanati* aliutunga mwaka 1974, ukaenea kwa kanda za kaseti kabla ya kuwafikia watafiti. Mwaka 2023 Annachiara Raia na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima juu ya tungo zake. Tunawashukuru. Lakini tujiulize: je, mwoka mikate yule alikuwa mshairi kuanzia mwaka 2023? Au alikuwa mshairi tangu pale wanawake wa Lamu walipoanza kusikiliza kanda jikoni?

Hapa tunapenda kukikumbusha kisa kimoja ambacho vitabu vya Kiibadhi vinakisimulia juu ya Abu Ubaida Abdullah bin al-Qasim, mfanyabiashara wa Oman aliyefika China katika karne ya 8. Inasimuliwa kuwa alishirikiana na wenzake kununua udi. Wenzake walipokuwa wakinunua, waliutia udi ule kasoro mbele ya mwenyewe ili bei ishuke. Ulipokwisha kuwa mali yao, wakaanza kuusifu ili wapate kuuza. Alipojua, alidai mtaji wake akajitoa katika shirika. Hakutaka faida iliyopita njia hiyo.

Kisa hiki tumekisoma mara nyingi kama mfano wa uaminifu wa biashara. Siku hizi tunakisoma kama sheria ya mhakiki. Sisi wanahistoria tumefanya kama wale washirika. Tungo za mama zetu tulizitia kasoro zilipokuwa mikononi mwao: tulisema hazina mizani, ni za kike, ni za jikoni. Leo vyuo vikuu vya ng'ambo vinakuja na vinasa sauti, nasi tumegeuka, kila kilichoimbwa tunakisifu kuwa ni hazina, ni urithi, ni lulu. Bidhaa ni ileile. Kilichobadilika ni mnunuzi. Mhakiki mwaminifu anatakiwa aseme neno moja anaponunua na anapouza.

Basi tuzipime kasida za Pazhou kwa neno moja.

Tulizisikia tatu ambazo tunaweza kuzizungumzia. Ya kwanza ni ya kijana wa Mombasa, wakala wa mizigo, anayeishi Guangzhou kwa mwaka wa nne. Anazituma kwa ujumbe wa sauti kwa wafanyabiashara wenzake wakati wa maonyesho. Sauti yake ni nzuri na vina vyake havina makosa. Lakini tulipoziandika beti zake tukaona kwamba kila ubeti unaishia kwa ombi, na kila ombi lina kipimo: viza, kontena, mteja, bei. Jina la Mungu linakaa mwanzo wa mshororo kama anwani juu ya bahasha, na ndani ya bahasha mna oda. Hatusemi kuomba riziki ni vibaya. Kuomba ni ibada yenyewe. Tunasema wimbo ule haumbadilishi mwenye kuuimba. Anaingia nao sokoni kama alivyo, na anatoka kama alivyo. Kwa adabu ya dua una upungufu, na kwa sanaa pia una upungufu, na nadhani upungufu huo ni mmoja.

Ya pili ni ya mama wa Tanga, mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa Pazhou, amesimama katika foleni ya chakula, simu ikamwambia kuwa mama yake amefariki. Wasomaji wetu wanajua desturi: maiti haisubiri. Hata kama angepata ndege saa ileile, angekuta kaburi. Akarudi hotelini, akakaa juu ya msala mpaka usiku, na usiku huo akatunga beti nne kwa bahari ya utenzi, mizani nane kwa mshororo. Alizituma kwa dada yake. Siku ya tatu, kwenye hitima, wanawake waliziimba nyumbani Tanga, naye akazisikiliza kwenye simu kutoka China.

Alituhadithia habari hii kwa utulivu, na akatuimbia. Tunaweza kusema hivi. Ubeti wa kwanza ni wa kawaida, una maneno ambayo kila kitabu cha rambirambi kinayo. Wa pili una kina kimoja kilicholazimishwa. Lakini wa tatu unaeleza jambo ambalo hatujalikuta kwingine: anamwomba Mola amhesabie hatua alizotembea siku ile katika yale majumba marefu ya maonyesho, kabla hajajua, kana kwamba alikuwa akitembea nyuma ya jeneza. Wa nne unamwachia Mungu mambo, na unakoma. Mshororo wa mwisho unaacha mizani mbili zikiwa pungufu. Tulimuuliza kama anajua. Alijibu, "Najua, mzee wangu. Pumzi ilikatika hapo, nikaiacha." Sisi tuliofundishwa kuzihesabu mizani tangu utoto hatukuwa na la kusahihisha.

Tazameni kwamba wimbo huu ulifanya kazi ambayo desturi iliiacha wazi. Mtoto aliye mbali hana jeneza la kubeba, hana udongo wa kutupia, hana mkono wa kupeana. Familia zetu zote, tangu 1964 na hata kabla yake, zimeishi na pengo hilo. Wangapi kati yetu tulipata habari ya msiba kwa telegramu, au kwa barua iliyochukua miezi mitatu? Wanahistoria tumeandika habari za uhamaji wa watu, wa mali na wa ardhi zilizochukuliwa. Hatujaandika namna watu walivyozika wakiwa mbali. Beti nne za mama wa Tanga ni ushahidi wa hilo, na ushahidi wa aina hiyo haupo katika nyaraka za balozi yoyote.

Ya tatu ni ya binti yetu. Ina beti tano. Hatutaiandika hapa, kwa sababu tulipomwomba alikataa. Alisema, "Ami, hii si ya gazeti. Hii ni baina yangu na Mola wangu." Alituruhusu kusema inahusu nini. Anaomba ulimi wake usizidishe sifa ya anachouza wala usipunguze sifa ya anachonunua. Binti huyu hajapata kumsikia Abu Ubaida bin al-Qasim katika maisha yake. Tulipomsimulia kile kisa cha udi alicheka, akasema, "Kumbe si mimi peke yangu niliyeona haya mbele ya Wachina." Kwani siku ile, katika kibanda cha mapazia, alikuwa ameshika kitambaa kizuri akakikunjia uso na kumwambia msichana wa kibandani kuwa kina kasoro, ili apunguziwe, na yule msichana akakiamini, akaona haya, akapunguza. Wimbo ulitungwa kwenye treni, katika vituo vichache baina ya Pazhou na hoteli. Asubuhi yake, kabla ya kuelekea maonyeshoni, aliuimba akivaa viatu. Na alikwenda tena kibanda kilekile, akalipa bei ya mwanzo.

Hiki ndicho kipimo chetu, na tunakiweka wazi ili wenye kutupinga wajue pa kushika. Wimbo wa ibada ya kila siku tunaupima kwa mambo matatu. Kwanza, je, maneno yake ni ya mwenyewe, yametoka katika siku yake, au ameyaokota? Pili, je, umbo lake linabeba uzito wake, yaani vina na mizani vinamsaidia kukumbuka na kurudia, maana kisichorudiwa si uradi? Tatu, je, umemgusa mtungaji mwenyewe? Wimbo wa kijana wa Mombasa unapita kipimo cha pili peke yake. Wa mama wa Tanga unapita vyote, pamoja na lile kosa la kina. Wa binti yetu una sanaa hafifu kuliko yote mitatu. Ubeti wake wa tatu umejaa maneno ya kujazia mizani, na tulimwambia. Lakini ndio pekee tuliouona ukimrudisha mtu kibandani na fedha mkononi.

Tunajua watakaobisha ni wa pande mbili. Wa upande mmoja watasema kuimba si ibada, na kwamba ibada imekwisha kuelezwa na haihitaji nyongeza ya wafanyabiashara. Ubishi huu si mpya. Habib Saleh wa Lamu, mwanzilishi wa Riyadha, alipoyapa maulidi dufu na sauti za watu wa kawaida, wako wakubwa wa mji waliochukia. Leo Lamu inajulikana duniani kwa maulidi hayo hayo. Hatuchukui kiti cha mufti. Tunakumbusha tu kwamba ile Sura iliyoitwa kwa jina la washairi imewalaumu, kisha ikawatoa katika lawama walioamini na kumtaja Mungu kwa wingi. Na kwamba katika Sura ya Nuru wametajwa watu ambao biashara haikuwasahaulisha dhikri. Mtu aliyesimama Pazhou na kalkuleta mkononi ana haki ya kujitafutia njia ya kuwa miongoni mwa hao.

Wa upande wa pili ni wenzetu wa taaluma. Watasema tungo hizi ni za faragha, hazina maandishi, hazina tarehe, na nyingi si nzuri. Ni kweli nyingi si nzuri. Lakini barua nyingi za masultani nazo si nzuri, nasi tumezipanga katika makabati ya baridi. Siti binti Saad alianza kwa kutembeza vyungu na kuimba njiani; kama santuri za Bombay za mwaka 1928 zisingekuwapo, tungesema leo kuwa alikuwa muuza vyungu. Wangapi walitembeza na kuimba wasifike Bombay?

Tulisema tutarudi kwa mama.

Mama yetu alishona kofia za viua. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kuwa ni kazi ya hesabu: kila tundu dogo linazungushwa uzi, na anayepotea hesabu huharibu duara zima. Mama alihesabu kwa kasida. Alikuwa na za kwake, alizozitunga mwenyewe, nyingine kabla hatujazaliwa, na katika hizo kila mshororo ulikuwa na tundu lake. Alipoondoka Unguja mwaka 1964 hakubeba kitu ila sindano, uzi na watoto. Alishona Mombasa, akashona Dubai, akashona Maskati mpaka macho yalipokataa. Hata yalipokataa, vidole viliendelea kwenda juu ya goti, na kasida iliendelea.

Katika miaka ya 1980 tulikuwa tukikusanya masimulizi ya wazee, na tulikuwa na kinasa sauti kizuri na kanda chache. Tuliwarekodi maami zetu saa na saa wakizungumzia vyama, uchaguzi, nani alisema nini kwa nani. Jioni moja mama alikaa karibu, akasikiliza, kisha akauliza kwa upole kama tungependa na yeye aseme zake. Tulijua anakusudia kasida. Tulimjibu, "Baadaye, mama. Kanda imebaki kidogo." Hakuuliza tena. Zile kanda za maami tunazo mpaka leo, na nyingi zinarudia mambo ambayo yamo katika magazeti. Za mama hatuna hata moja. Tulibakiwa na mahadhi tu, nayo tulidhani yamo kichwani mwetu peke yetu, mpaka tulipoyasikia katika chumba cha hoteli cha Guangzhou, kutoka kwa mjukuu aliyeyapata kwa kulala karibu na bibi yake alipokuwa mdogo.

Tulimuuliza kama anayakumbuka na maneno ya bibi. Alisema anakumbuka machache, mishororo miwili au mitatu, si zaidi. "Bibi alikuwa akiniambia, usizishike zangu, tunga zako." Neno hilo limetutuliza kidogo, na limetusuta pia. Kumbe alichotaka kukirithisha mama kilikuwa desturi ya kutunga kuliko tungo zenyewe. Nasi, tuliosoma Kiarabu na Kiingereza na kuandika juu ya urithi kwa miaka hamsini, hatukuwa tumejua kwamba tumeachiwa.

Basi tunatoa wito kwa familia zinazolisoma jarida hili, nao ni wito mdogo. Msingojee watafiti. Aliye na mama, shangazi au babu anayeimba akiwa kazini, amwombe, na akikubali amwandike: siku gani, mahali gani, mikono ilikuwa ikifanya nini, mahadhi aliyapata kwa nani. Haya ya pembeni ndiyo hupotea mwanzo. Akikataa, basi aandike kwamba alikataa na kwa nini, maana hata hilo ni historia, na siri ya mtu na Mola wake haiwi nyaraka kwa nguvu. Wimbo uliotungwa kwa ikhlasi ukilazimishwa kwenda jukwaani unaweza kugeuka riya, na hapo tutakuwa tumehifadhi ganda. Tusizitie kasoro zilipo majumbani, tukazisifu zikifika makumbushoni.

Na jambo la pili. Tulipokuwa tukirudi, ndege ikiwa imeshapaa juu ya Mto wa Lulu, tulimwomba binti yetu kalamu. Tukiwa na miaka sabini na kitu, na vitabu vinne vyenye jina letu, tuliandika ubeti wetu wa kwanza katika mfuko wa karatasi wa ndege. Hauna thamani ya kuchapishwa hapa. Mizani zake ni sawa, tulizihesabu kwa vidole juu ya goti.